Ndala za Kipilefti

Juzi nilitolewa dukani kwa upole. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya viatu vya bei rahisi, ndala mpya ya mpira iko puani, macho nimefumba. Muuzaji, kijana wa Kiganda kwa lafudhi yake, alinivumilia kwa muda, kisha akaniuliza, "Mama, unanunua au unanusa?" Nikamwambia ukweli, kwamba nanusa. Akanionyesha mlango ulipo.

Wenzangu wa umri huu mtanielewa. Tumefika pale ambapo miwani tunaitafuta huku tumeivaa, lakini pua bado inafanya kazi yake, tena kwa bidii isiyo na adabu. Harufu ya mpira mpya, ile iliyochanganyika na karatasi ngumu ya boksi na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali, hainipeleki kwenye viatu. Inanipeleka kwenye kitenzi. Najua hilo linasikika kama maneno ya mtu aliyekaa chuo kikuu kupita kiasi, na ni kweli nilikaa: nimeandika tasnifu nzima juu ya vitenzi, imesomwa na watu watatu, na mmoja wao ni mimi. Lakini hiki nilikutana nacho kabla sijajua kwamba kuna vitu vinaitwa vitenzi. Nilikuwa na miaka saba, na nilidhani kinataka kunichinja.

Mama yangu alifariki Unguja. Baba alikuwa na nyumba nyingine iliyokwisha kujaa. Mdogo wake mama, Zuwena, ambaye mpaka leo namwita Mamdogo, alikuja kwenye arobaini kutoka Dubai na sanduku moja, akarudi na sanduku moja na mtoto mmoja. Niliingia kwa ruhusa ya mgeni, na ruhusa ya mgeni ina siku zake. Mamdogo alikuwa karani kwenye ghala la ndala huko Al Qusais, enzi ambazo treni ilikuwa bado haijaanza kupita kule, na alikaa jirani, kwenye nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja na wanawake wengine wawili. Bila karatasi za ukaazi hakuna shule, kwa hiyo kila asubuhi nilifuatana naye ghalani. Nilikaa juu ya maboksi nikisikiliza ndege zikishuka, kila moja kana kwamba imekosea uwanja na inataka kutua kwenye paa letu.

Mwenye ghala alikuwa Mchina asiyeonekana, maana siku zote alikuwa safarini. Aliyeonekana ni mkewe, Madam Fang, mwanamke mfupi asiyeachana na chupa yake ya maji ya moto, aliyebangua mbegu za alizeti kwa meno ya mbele kwa kasi ya cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akiweka sahihi. Na ili nipate kubaki, pamoja na hati ya ulezi iliyotoka kwa kadhi Unguja, ilitakiwa barua ya kampuni isemayo kwamba haina pingamizi Mamdogo kukaa nami katika nyumba ya wafanyakazi.

Mamdogo alikwenda kwa wapiga chapa, wale wenye ofisi ndogo za kuwaandikia watu barua za serikali. Wakamwandikia barua nzuri ya Kiingereza. Akaiweka mezani kwa Madam, na Madam akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka kidole kikasimama katikati ya mstari wa tatu. Kilisimama juu ya "keep". Barua ilisema kampuni haina pingamizi Bibi Zuwena "keep" mtoto wa dada yake.

"Hii neno nini?" akauliza Madam. Kiingereza chao nakitia Kiswahili hapa kama nilivyokuja kukielewa, kimevunjika vivyo hivyo.

"Keep ni kuweka, Madam."

"Kuweka? Kama boksi?"

"Si kama boksi. Keep ni... keep."

Madam akafungua kamusi yake, akaanza kuhesabu maana kwa ncha ya kalamu. Alipopita ya kumi aliifunga. Baadaye tulikuja kujua kwamba mumewe aliwahi kuweka sahihi kwenye karatasi aliyodhani ni stakabadhi, kumbe ni mkataba wa kukodi ghala la pili. Tangu hapo Madam alikuwa ameapa kutotia jina lake chini ya neno asilolijua.

"Kwanza fundisha neno," akasema. "Baadaye, sahihi."

"Madam, siku za mtoto zinakwisha. Zimebaki kumi na mbili."

"Basi fundisha haraka. Yalla."

Ndivyo Mamdogo, mwenye cheti cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada, alivyogeuka mwalimu wa Kiingereza. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri walikaa wawili juu ya maboksi, daftari la Madam katikati yao, nami nyuma yao nikijifanya nacheza. Mamdogo hakuwa na mbinu. Alikuwa na wasiwasi na mifano. "Keep quiet" ni kunyamaza. "Keep the key" ni kutunza ufunguo. "Keep walking" ni kuendelea kutembea, usisimame. "Keep a promise" ni kutimiza ahadi. Kwa kila mfano Madam alilazimika kuandika neno jingine la Kichina, na daftari likawa linajaa kwa kitenzi kimoja.

"Ufunguo nimeelewa," alisema siku moja. "Natia mfuko, naweka. Kutembea natia wapi?"

Mamdogo akapekua kamusi yake. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu hapo, na sijapata kusikia swali bora zaidi ya hilo.

"Kwa nini moja tu?" Madam akazidi kulalamika. "Waingereza maskini? Hawana maneno mengine?"

Tatizo ni kwamba Mamdogo mwenyewe, keep aliyokua nayo ilikuwa moja tu, ile ya kipilefti. Kwa hiyo akakimbilia huko. Akamchorea Madam duara, akachora vigari vinavyolizunguka, akaeleza kwa mkono: keep left, kushoto, kushoto, usiache kushoto, mpaka utokee njia yako. Kwetu kila njia panda kubwa ina moja. Madam akatazama mchoro, akatazama nje ya mlango wa ghala, ambako malori ya Al Qusais yalikuwa yakipita upande wa kulia kama sheria ya nchi ilivyo.

"Hapa ukifanya hii," akasema, "wote wamekufa."

Siku zikawa nane. Ndipo Mamdogo akakumbuka kuku. Mama yake, akamwambia Madam, yaani bibi yangu kule Unguja, "keep" kuku. Uso wa Madam ukafunguka kama mtu aliyeona ndugu yake stendi.

"Ah! Yang!" akasema. Kumbe Kichina kina neno hilo. "Yang kuku. Yang samaki. Yang maua." Kisha akaninyooshea mbegu ya alizeti. "Yang mtoto. Kuku, mtoto, moja tu. Same same."

Mamdogo, aliyekuwa amechoka na mwenye siku nane, akaing'ang'ania kamba hiyo kwa mikono miwili. "Yes, Madam! Same same! Kama kuku, mimi keep yeye."

Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini "chicken" nilikuwa naijua, na "keep" ilikuwa imeimbwa juu ya kichwa changu siku nne mfululizo. Jioni, Mamdogo akikaanga samaki, nikamuuliza, "Mamdogo, keep kuku ndiyo nini?"

"Kufuga," akajibu bila kugeuka.

Nataka mnielewe vizuri, maana hapa ndipo utoto wangu ulipopinda. Kiswahili hakina mzaha katika jambo hili. Mtoto hulelewa na kuku hufugwa, na hata mtoto wa miaka saba anajua kwamba hayo hayana mwisho mmoja. Bibi aliwapenda kuku wake. Aliwaita kwa majina, aliwapulizia macho yakiugua, aliwafunika banda mvua ikinyesha. Na kila mmoja wao alikuwa na siku yake: mgeni akija, Idi ikifika, ada ya chuo ikitakiwa. Nikaanza kukusanya ushahidi. Mamdogo alikuwa na tabia ya kunishika mkono juu ya kiwiko na kusema, "Bado mwembamba. Kula, mwanangu, kula unenepe." Kila siku alihesabu kwa sauti: zimebaki nane, zimebaki saba. Siku za nini? Hakuna aliyeniambia siku za nini. Mimi nilijua.

Kwanza niliacha kula, nikadumu mpaka chakula cha mchana. Kisha nikapata wazo bora, na ninajivunia mantiki yake mpaka leo. Nilikumbuka kwamba bibi, wageni wakija, alikuwa akimpita kuku mmoja mwekundu na kusema, "Huyu mwache, bado anataga." Basi. Ilinipasa kutaga.

Nyuma ya ghala kulikuwa na lundo la ndala zilizotoka kwenye pea zao, za maboksi yaliyopasuka safarini. Kazi ya kuzioanisha na kuzifunga kwa uzi ilikuwa ya Mamdogo, na kwa ajili ya lile somo la keep ilikuwa imelala. Nikaifanya mimi, wao wakiwa kwenye vitenzi. Nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa makini na jambo lolote. Nilichukua ndala moja, nikatafuta inayofanana nayo rangi na ukubwa, nikazilaza moja juu ya nyingine. Ikichomoza hata kidogo, naikataa. Zikilingana kabisa, ukingo kwa ukingo, nafunga. Nilishangaa jinsi nyingi zilivyokuwa zinakataa. Nikaziweka pembeni, nazo nikazipatia za kufanana nazo.

Mamdogo alipoona lundo limekwisha alishika kifua. "Nani kafanya haya?"

"Mimi."

"Wewe mwana wewe!" Akanikumbatia, akaninunulia maji ya embe kwenye duka la kona. Nikanywa taratibu nikijiambia: yai la kwanza.

Mzigo ule ulinunuliwa na Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akisafirisha bidhaa kutoka bandari ya Al Hamriya, mtu mzima mwenye tumbo na kicheko kikubwa. Aliuchukua Jumamosi. Jumanne, siku zikiwa zimebaki mbili, alirudi na boksi moja begani, akalitua katikati ya ghala.

"Zuwena! Ndoo hapa mwanangu. Nataka kukuuliza kwa wema. Watu wa Mombasa umepata kuwaona?"

"Nimewaona, Bwana Athumani. Kwani vipi?"

"Wana miguu mingapi?"

Mamdogo akacheka nusu, nusu nyingine akaibakiza. "Miwili."

"Alhamdulillahi, nilidhani mimi ndiye nimesahau. Sasa sikiza. Jana nimefungua boksi langu, nimetoa champali pea moja niendee chooni. Navaa, natembea, naona mbona sifiki? Natazama chini. Kushoto na kushoto! Hizi si champali, mama, hizi ni kipilefti!"

Mamdogo akapiga magoti, akavuta pea moja, nyingine, nyingine. Za juu kushoto kwa kushoto, za chini yake kulia kwa kulia. Madam Fang akatoka ofisini kwa zile kelele, chupa yake mkononi, akainama naye.  Nikamwona Mamdogo anatazama mlango wa ofisi, ambako barua ilikuwa juu ya meza bila sahihi. Wakati ule sikujua anatazama nini. Niliona tu kwamba ameishiwa na rangi.

Nikatoka nyuma ya maboksi. "Ni mimi," nikasema. "Lakini nitataga tena, Mamdogo. Safari hii nitataga vizuri."

"Utafanya nini?"

"Nitataga. Usinichinje."

 Mamdogo alikuwa bado yuko chini, kwa hiyo macho yetu yalikuwa sawa. "Nani akuchinje?" akauliza polepole.

"Wewe. Ulimwambia Madam. Ulisema unanifuga kama kuku, na siku zimebaki mbili."

Nimeona watu wakipokea habari za misiba, na sijaona tena uso ulioanguka kama ule. Akanivuta. Kanga yake ilikuwa inanuka mpira, kila kitu kilikuwa kinanuka mpira. "Sikufugi," akaniambia sikioni. "Nakulea. Nakulea, mwanangu." Alilirudia neno lile mara nyingi, kana kwamba yeye ndiye anayejifunza lugha.

"Anasema nini?" Madam akataka kujua. "Nini mbaya?"

Mamdogo akageuka, kamasi na machozi vyote usoni, akamwambia kwa Kiingereza chake chote alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi. "Si kuku, Madam. Nimekosea. Kuku anakaa mpaka siku yake. Huyu hana siku. Mjomba wake anapiga simu, anasema rudisha, nasema no. Mtu anataka kunioa, anasema wewe njoo, mtoto hapana. Nasema no. Wote wanasema toa, mimi no. Khalas. Hiyo keep."

Madam akatua chupa yake sakafuni. Sikuwahi kumwona akiitua. Akachukua ndala kutoka kwenye boksi, akairusha kushoto. Akairusha nyingine kulia. Akarusha ya tatu nyuma ya mgongo wake, Bwana Athumani akainama isimpige. Ya nne akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Hii kwenda," akasema. "Hii kwenda. Hii kwenda. Hii," akaikandamiza, "hapana kwenda. Kichina, liu. Si yang. Liu."

"Hiyo," akasema Mamdogo. "Hiyo ndiyo."

Madam akaingia ofisini. Kwanza aliandika kwenye daftari, maana ndivyo alivyokuwa, kisha akaivuta barua na kuweka sahihi. Alipotoka alizitazama zile ndala zilizotawanyika, akamuuliza Bwana Athumani kama na hizi ni keep.

"Hizo, Madam, naapa hazendi popote," akasema Bwana Athumani. "Haziwezi. Zitazunguka hapo hapo."

Kisha akavua koti, yeye mwenye mzigo wa kuwahi kupakiwa, akakaa sakafuni na kunivuta karibu. Akaweka ndala mbili mbele yangu. "Tazama, bibi. Wewe umetafuta zinazofanana. Pea haifanani. Pea inatazamana. Waona? Vidole gumba vyasalimiana hapa kati." Tukaoanisha upya mpaka adhana ya alasiri, na maboksi mengine yaliyokuwa bandarini akaenda akayafungua na watu wake huko huko. Hakudai kitu. Kila alipokuja baada ya hapo aliniuliza kama natembea mbele au nazunguka.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilichukua masomo ya Kichina, kwa sababu ambayo sikumwambia mwalimu. Nikagundua kwamba Madam hakuwa amekosea siku ile ya kuku. Yang ni kufuga kweli, lakini pia ni kulea, na pia ni kumuuguza mtu mpaka apone. Mama aliyekulea bila kukuzaa anaitwa kwa neno hilo hilo. Madam hakunifananisha na kuku. Ni lugha yake tu iliyowakusanya wote wanaohitaji kulishwa na kungojwa. Mimi na Kiswahili changu chenye kujivuna ndio tuliokuwa wepesi wa kuona kisu. Nilihitaji shahada mbili kufahamu hilo.

Nilikuja kujua pia kwamba alikuwa na binti wa umri wangu, kule kwao, anayelelewa na mama mkwe. Mamdogo aliniambia. Nikafikiri upya juu ya ile ndala aliyoifunika mapajani na zile alizozirusha. Ghala lilihama, nao wakahama, na sikupata kumshukuru kwa lugha yoyote kati ya tatu tulizozivunja pamoja. Bwana Athumani naye ametangulia. Yule aliyetaka kumwoa Mamdogo alioa kwingine, na sikuwahi kumsikia Mamdogo akilitaja jina lake, wala sikuwahi kumwona akinitazama kama mtu anayekumbuka bei.

Muhuri tuliupata kesho yake, siku ikiwa imebaki moja. Mamdogo hakupiga vigelegele. Aliupeleka mkono juu ya ukurasa kuona kama wino umekauka, akafunga pasipoti, akaniacha kwa wale wenzake wawili wa chumbani, akatoweka. Alirudi kabla ya magharibi na gari la mizigo, na juu yake kitanda cha chuma kilichotumika, vipande vipande.

Mpaka siku ile nilikuwa nikilala naye, miguu yangu tumboni kwake. Wale wenzake wakasimama mlangoni wakitazama vyuma vinavyoingia.

"Zuwena, sisi tutapita wapi?"

"Mtapita kwa ubavu."

Alikiunga mwenyewe, akakataa msaada. Kilikuwa kitanda cha mtu mzima, kilitoka ukuta mpaka karibu na mlango. Akanitandikia, akaniambia nikijaribu. Nikalala chali, mikono nimenyoosha, nikashusha miguu kutafuta mwisho wake, na sikuupata. Nusu nzima ya godoro ilikuwa tupu chini yangu. Nikaona huruma, nikidhani amekosea kipimo na watamcheka.

"Mamdogo," nikasema, "mbona kirefu hivi?"

Alikuwa amepiga magoti, anakaza nati ya mguu wa mwisho kwa kisu cha jikoni. Hakuinua kichwa.

"Kwani wewe hutarefuka?"